Mizizi Ikioza Chunguni, Vijidudu Rafiki Huokoa Nini?

Vuli ikikolea hapa Mwanza, maua ya kwenye vyungu huanza kunyauka hali udongo umelowa chepechepe. Mwenye ua huona majani yamelegea, hudhani ni kiu, huongeza maji. Baada ya siku chache ua linang'oka kwa vidole viwili: mizizi ya kahawia, inateleza kama bamia, inanuka kama tope la mwaloni kwa wavuvi.

Dawa inayosifiwa siku hizi ni pakiti ya vijidudu rafiki: koroga kwenye maji, mwagia, ua lifufuke. Wapo wanaoapa kwamba imewasaidia. Wapo pia, hasa wanaotembeza miche miaka mingi, wanaoiona kuwa njia nyingine ya kumwaga hela. Mimi nimo katikati, lakini si katikati sawasawa.

Tuanze na haki ya vijidudu. Kuvu aitwaye trikoderma si porojo ya wauzaji. Mwaka 1932, huko Marekani, mtafiti Richard Weindling alionyesha kuwa kuvu huyo hushambulia kuvu wenzake wa udongoni wanaosababishia mimea magonjwa. Hujizungusha kwenye nyuzi zao, huwayeyusha na kuwala, tena huwahi nafasi na chakula kandokando ya mizizi. Bakteria wa jamii ya basilasi nao hutoa kemikali zinazozuia wabaya wasikue. Joto la Mwanza linamfaa sana trikoderma, ambaye hustawi kwenye nyuzijoto 25 hadi 30.

Sasa upande wa pili, na hapa ndipo penye uzito. Mara nyingi mzizi haufi kwa kushambuliwa kwanza. Hufa kwa kukosa hewa. Maji yakijaa kila upenyo wa udongo, oksijeni huisha, mzizi hudhoofika, ndipo vimelea kama pithiamu huingia. Huyu mbegu zake huogelea majini, kwa hiyo chungu kilichofurika ni ziwa lake. Trikoderma naye anahitaji hewa. Kummwaga kwenye tope ni kumtuma mlinzi akalinde nyumba iliyo chini ya maji. Na mzizi uliokwisha kufa haufufuliwi na kiumbe chochote.

Mbona basi wengine wanaona maua yao yamepona? Waulize walichofanya siku hiyo. Walilitoa ua, wakakata mizizi mibovu kwa kisu safi, wakabadilisha udongo, wakatoboa kopo, halafu wakamwagia vijidudu. Sifa ikaenda kwa pakiti, maana ndiyo iliyolipiwa.

Sisi wa ziwani tulishaona mabishano ya namna hii. Gugu maji lilipoziba mialo miaka ya 1990, waliachiwa mbawakavu wadogo wenye asili ya Amerika Kusini walitafune. Lilipopungua, wengi waliwasifu mbawakavu, na kwa haki. Lakini wako wataalamu waliosema mvua na mawimbi ya El Niño ya 1997 na 1998 nayo yalichangia. Kiumbe rafiki alifanya kazi; hakufanya peke yake.

Kwangu, shida kubwa ya vyungu vyetu ni udongo. Wengi tunapenda ule mweusi wa mbuga, kwa kuwa weusi wake unaonekana kama rutuba. Shambani ni mzuri kwa mpunga, na sababu ni hiyo hiyo inayoua ua: unashika maji. Luseni, mchanga wa miinuko yenye mawe ambao Wasukuma wanaujua kwa jina, watu huudharau, kumbe ukiuchanganya na samadi iliyooza vizuri na pumba za mpunga kutoka mashine ya kukoboa, maji hupita na mizizi hupumua. Mchanganyiko huo ni wa bei ndogo kuliko pakiti yoyote.

Pakiti yenyewe nayo ina mitego. Vijidudu ni viumbe hai. Iliyokaa kwenye kioo cha duka juani inaweza kuwa na unga mtupu. Basilasi huvumilia zaidi kwa kuwa hutengeneza mbegu ngumu za kujihifadhi. Tazama tarehe, na kama kuna namba ya usajili wa viuatilifu. Usiichanganye na dawa ya ukungu siku hiyo hiyo, unaweza kuwaua uliowanunua.

Nani anunue, basi? Anayeotesha miche mingi, akitumia udongo mpya, kabla ugonjwa haujaingia: huyo namwambia achukue. Mwenye waridi moja barazani Nyegezi, limekwisha kulegea? Amwage maji ya kwenye sahani ya chini ya chungu, akate mizizi iliyooza, apande upya, asimwagilie mpaka kidole kikizama udongoni kitoke kikavu. Ikiwa mizizi yote imeoza, akate pingili mbichi juu, azipande kwenye luseni.