Besi wa Naivasha: arudi majini au aende jikoni?

Samaki alikuwa wa kilo moja na ushei. Nilikuwa nimemkamata mdomo wa chini kwa kidole gumba, nimekwisha kumchomoa ndoano, nainama kumrudisha ziwani pembeni mwa mafunjo. Mzee aliyenipeleka akaacha kupiga kasia, akaliweka juu ya magoti. "Kijana wangu," akasema, "kitoweo kama hicho unakitupa?" Sikuwa na jibu la papo hapo. Nilimwachia samaki, akapiga mkia mara moja, akazama. Tangu siku hiyo swali la mzee halijaniondoka, na kadiri ninavyolitafakari ndivyo ninavyoona kwamba sisi tunaovua kwa starehe tumelichukulia jambo hili kirahisi mno.

Samaki huyo alikuwa besi wa mdomo mpana, naye si mwenyeji wa ziwa Naivasha, nchini Kenya. Kwao ni Amerika ya Kaskazini, na aliletwa ziwani mwaka 1929, wakati wa ukoloni, ili walowezi wapate samaki wa kuvua kwa mchezo. Samaki wa asili aliyekuwamo humo ni mdogo asiyefika urefu wa kidole, wa jamii ambayo wataalamu huiita Aplocheilichthys. Mara ya mwisho kuonekana ziwani ni mwaka 1962, na besi ndiye anayelaumiwa zaidi kwa kumaliza kizazi chake. Wengine wote wanaovuliwa leo Naivasha, perege kwa karpu, ni wageni walioletwa au waliopenya wenyewe.

Desturi ya kumrudisha besi majini nayo ilitoka kwao. Mwaka 1967 Ray Scott, wakala wa bima kutoka Alabama, aliandaa mashindano ya kuvua besi katika ziwa la Beaver, jimbo la Arkansas, na mwaka uliofuata akaanzisha chama cha wavuvi wa besi. Wakati huo samaki walioshindaniwa walikuwa wakipimwa wakiwa wamekufa, na wenyeji wa maziwa wakaanza kunung'unika kwamba wageni wanawakaushia maji. Mwaka 1972 Scott akaanza kampeni ya kuwataka washindani walete samaki wakiwa hai, wapimwe, kisha warudishwe. Leo wavuvi wengi wa besi Marekani humrudisha samaki bila hata kufikiri mara mbili. Kumla mkubwa, kwa wengi wao, ni aibu.

Hoja yao ina uzito, na siwezi kuipuuza. Besi mkubwa sana karibu kila mara ni jike, na imemchukua miaka kufikia umbo lile. Kumtoa mmoja wa namna hiyo ni kutoa mayai mengi kuliko ya majike kadhaa wadogo. Tena besi ni samaki wa makazi. Huchagua gogo, mwamba au ukingo wa magugu, akajibanza kivulini akingoja kinachopita, kwa hiyo mvuvi anayejua mahali pake anaweza kumrudia. Penye wavuvi wengi wenye vyombo vizuri, ziwa dogo linaweza kupoteza wakubwa wake wote kwa msimu mmoja.

Lakini kumrudisha samaki si sawa na kumwacha hai. Hapa ndipo ufundi unapoamua, na huamua kabla samaki hajatoka majini.

Chukua mnyoo wa mpira, chambo bandia ambacho wavuvi wa besi hukitegemea kuliko vyote. Mshipi unapitishwa kwanza kwenye chubwi ndogo iliyochongoka, kisha unafungwa ndoano. Ndoano inaingizwa kichwani mwa mnyoo, inatokezwa, inageuzwa, na ncha yake inafichwa tena ndani ya mpira ili isishike majani. Unaurusha ukingoni mwa mafunjo, unauacha uzame hadi chini, kisha unainua ncha ya fimbo taratibu na kuishusha. Besi hamung'unyi chambo wala hakiviziivizii kama perege. Hufungua kinywa ghafla, maji yakaingia kwa kasi na kubeba kila kilicho mbele yake. Mkononi utasikia mguso mmoja mdogo, kama mtu aliyegusa dirisha kwa ukucha. Pengine hutasikia kitu, utaona tu mshipi unasogea kando hali hakuna upepo wa kuusogeza.

Wakati huo ndio wa kuvuta. Mwenye kuvuta mara moja humnasa samaki mdomoni, penye nyama ngumu na damu kidogo, na samaki huyo akirudishwa ana nafasi kubwa ya kupona. Mwenye kungoja "ashike vizuri" humpa nafasi ya kumeza, na ndoano iliyoingia kooni au karibu na mashavu anayopumulia ni habari nyingine kabisa. Kuing'oa kwa nguvu ni kumuua. Ikiwa lazima arudi, ni afadhali mshipi ukatwe karibu na ndoano na kuiacha humo kuliko kumchimba koo kwa koleo. Yako na mengine: kumshika kwa kitambaa kikavu au kumlaza juu ya mbao za mtumbwi zilizopigwa na jua humwondolea ute unaomkinga na maradhi. Mkubwa akining'inizwa kwa taya tu, uzito wake wote unaliangukia taya hilo, kwa hiyo mkono wa pili umshike chini ya tumbo. Aliyepandishwa haraka kutoka kina kirefu hufura kibofu cha hewa akashindwa kuzama tena. Na maji yakiwa ya moto hewa yake hupungua, hivyo samaki aliyechoka kwa kuvutwa muda mrefu anaweza kuondoka mkononi mwako akiogelea vizuri, akafa baadaye mahali usipomwona.

Ninayasema haya kwa sababu nimeona watu wanaojiita wavuvi waungwana wakimpiga samaki picha kumi, dakika zikipita, kisha wakamtumbukiza majini na kujipongeza. Heri mzee wangu na sufuria yake.

Basi tumsikilize mzee. Mfano wa kwanza unaomuunga mkono unatoka Marekani kwenyewe. Tarehe 2 Juni 1932, George Perry, mkulima wa jimbo la Georgia, alivua besi wa kilo 10.09 katika ziwa la Montgomery. Ilikuwa miaka ya ukata mkubwa wa uchumi. Samaki alipimwa, akapelekwa nyumbani, akaliwa na familia. Rekodi hiyo haijavunjwa hadi leo, imefikiwa tu, na sijapata kusikia mtu mwenye akili timamu akimlaumu Perry kwa kulisha watu wa nyumbani kwake.

Aliyeifikia ni Manabu Kurita, tarehe 2 Julai 2009, na mahali alipoifikia ndipo hoja inapogeuka kabisa: ziwa Biwa, nchini Japani. Besi alipelekwa Japani mwaka 1925, akaenea, na Biwa ni ziwa la kale lenye samaki wasiopatikana kwingineko duniani. Mkoa wa Shiga, unaolizunguka, ulipiga marufuku kumrudisha besi ziwani baada ya kumvua, sheria iliyoanza kutumika mwaka 2003, na kandokando ya ziwa yakawekwa masanduku ya kuwatia waliovuliwa. Mvuvi anayemrudisha besi Biwa anavunja sheria kwa tendo lile lile linalomfanya muungwana kule Alabama. Samaki ni yule yule na ndoano ni ile ile, kilichobadilika ni maji. Biwa lina mgeni mwingine pia, samaki aitwaye bluegill, aliyeletwa Japani mwaka 1960 na Akihito alipokuwa mwana wa mfalme. Mwaka 2007, akiwa mfalme, alisimama hadharani mkoani humo akaeleza jinsi matokeo yake yanavyomuumiza moyo. Si viongozi wengi wanaofanya hivyo.

Kwa hesabu ya Biwa, besi wa Naivasha angepaswa kwenda jikoni wote, mkubwa kwa mdogo. Kuna wanaosema hivyo, na nawaelewa. Ila Naivasha si Biwa, na hapa ndipo ninapotofautiana nao.

Biwa bado lina cha kuokolewa. Naivasha yule samaki mdogo wa asili hayumo tena, na hata tukimla besi wa mwisho hatarudi. Kilichobaki ni ziwa la wageni watupu wanaobanana. Mwaka 1970 waliletwa kamba wekundu wa Louisiana, mmoja wa wageni waharibifu kuliko wote, kwani walifyeka mimea iliyokuwa chini ya maji. Besi wakubwa wakawageuza kamba hao kuwa chakula chao kikuu. Nimepasua tumbo la besi wa Naivasha zaidi ya mara moja na kukuta magamba mekundu na makoleo ya kamba, mengine bado hayajalainika. Kisha akaja karpu, aliyeanza kuonekana karibu na mwaka 2001 na kwa miaka michache tu akajaa nyavuni kuliko wengine wote. Karpu hula kwa kuchimbua tope, na tope likivurugika maji hupoteza mwanga. Besi huwinda kwa macho. Katika maji ya rangi ya chai ya maziwa, mwindaji anayetegemea macho ni kama mlinzi aliyezimiwa taa.

Kwa hiyo besi wa Naivasha leo si yule mvamizi aliyetawala peke yake miaka ya 1960. Amepungua, anakula mharibifu mwenzake, na kwa wavuvi wanaokaa kando ya ziwa ni samaki wa bei nzuri, mwenye nyama nyeupe na miiba michache. Sioni sababu ya kumrudisha kwa imani ya Alabama, wala ya kumkomesha kwa imani ya Shiga. Msimamo wangu ni huu: anayevua Naivasha na ana wa kumlisha, achukue wa kutosha sufuria na asione aibu. Wale wakubwa sana awaachie, kwa kuwa ndio wanaowamudu kamba waliokomaa na ndio wanaotaga mayai mengi. Na aliyemeza ndoano asirudishwe kwa ajili ya kupumzisha dhamiri. Huyo ni chakula.

Sizungumzii hivyo kuhusu mabwawa na vijito ambavyo bado vina samaki wake wa asili. Huko besi akivuliwa asirudi kamwe, na zaidi ya yote asihamishwe. Makosa yote niliyoyataja, Naivasha na Biwa, yalianza na mtu mwenye nia njema aliyebeba samaki hai kutoka maji mamoja kwenda mengine. Mtu anayetia besi watatu kwenye ndoo ili "wapate kuzaana" katika bwawa la kijijini kwao anafanya madhara ambayo hakuna ndoano itakayoyarekebisha.

Kuna besi mmoja wa kuangaliwa peke yake, naye ni dume aliyeko kwenye kiota. Besi dume husafisha sakafu ya maji mafupi kwa mkia hadi pawe kama sahani, jike akataga humo, na dume akabaki kulinda mayai na kisha vifaranga. Wakati huo chambo kikipita juu ya kiota hukishambulia hata kama hana njaa, na ndiyo maana ni rahisi kumnasa. Akiondolewa dakika chache tu, samaki wengine na kamba huvamia mayai. Kule kwenye majira ya baridi na ya joto, wavuvi hujua kwamba kazi hii hufanyika maji yanapopata joto baada ya baridi kuisha, takriban nyuzi 16 hadi 20, na baadhi ya majimbo hufunga uvuvi wakati huo. Sisi tulio karibu na ikweta hatuna baridi ya kutupa ishara. Inabidi kumtazama samaki mwenyewe.

Mwezi uliopita nilirudi Naivasha na mzee yule yule. Wa kwanza tulimtia kikapuni bila maneno. Wa pili alitoka maji ya magotini, karibu na shina la mti uliozama ziwa lilipofurika. Mzee akamshika mkia, akaugeuza kwenye mwanga: ncha ya chini imelika, nyekundu kama goti la mtoto aliyeanguka. "Huyu mrudishe upesi," akasema, akishika kasia tayari kutusogeza mbali. "Yuko kazini."