Saa Inayokupa Kisogo

Ukiwauliza wapenzi wa saa kwa nini wanaisifu Reverso, saa ya mkononi ya kampuni ya Uswisi Jaeger-LeCoultre ambayo uso wake unaweza kupinduliwa ukaangalia ndani, wengi watakimbilia ule uso wa pili ulio kwenye baadhi yake: huku saa za nyumbani, ukiigeuza saa za ugenini. Mimi nabishana nao. Reverso tamu ni ile isiyo na kitu mgongoni. Ukiigeuza unabaki na bamba tupu la chuma cha pua, halikuambii saa wala dakika, na uhondo wake uko hapo hapo.

Ndivyo ilivyozaliwa, kwanza. Inasimuliwa kwamba maofisa wa jeshi la Uingereza kule India walikuwa wakicheza polo huku vioo vya saa zao vikipasuka kwa fimbo na mpira. Mmoja akamlalamikia César de Trey, mfanyabiashara wa saa wa Uswisi, naye akaipeleka shida hiyo kwa Jacques-David LeCoultre, mwenye kiwanda huko Vallée de Joux, bonde la Uswisi. Mhandisi René-Alfred Chauvot akabuni namna ya kuigeuza, na ombi la hataza likawasilishwa Paris tarehe 4 Machi 1931. Kwa hiyo ule mgongo ulikuwa ngao. Urembo ulikuja wenyewe.

Na urembo upo, usiniulize. Umbo la mstatili, mistari mitatu iliyochongwa juu na mitatu chini, akrabu nyembamba, hakuna mkunjo wa bure. Ni mtindo wa Art Deco uliotamba enzi hizo. Lakini picha haikuonyeshi raha yenyewe. Unaisukuma saa pembeni kwa kidole gumba, inateleza kwenye mifereji yake, unaipindua, kisha unairudisha mpaka isikike "tak!" Ukishaijaribu mara moja mkono hautulii, utaigeuza kikaoni, utaigeuza ukiwa kwenye foleni, mpaka jirani yako akuombe na yeye ajaribu.

Bamba lile lina kazi nyingine pia. Watu walianza zamani kulichora majina, nembo za familia, hata picha. Jenerali Douglas MacArthur wa Marekani alikuwa na yake, herufi za jina lake zikiwa mgongoni. Napenda kwamba nakshi hiyo inakaa upande ambao mwenyewe ndiye anayeamua nani auone. Saa nyingi za kifahari zinapiga kelele. Hii unaweza kuinyamazisha.

Nusura ipotee, lakini. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia watu walihamia saa za duara, na Reverso ikasahaulika hadi mwaka 1972, wakati Mwitaliano Giorgio Corvo, muuzaji wa saa, alipokuta magamba 200, yaani miili ya nje ya saa, yaliyobaki kiwandani bila mitambo. Akayanunua, yakatiwa mitambo, na saa hizo zikauzwa zikaisha upesi. Mwaka 1994 ikaja Duoface, mtambo mmoja ukiendesha nyuso mbili. Ni ufundi wa hali ya juu, sikatai, ila kwangu ni kama kuweka dirisha kwenye ukuta uliojengwa ili mtu asionwe.

Bei? Mpya inanunua bodaboda kadhaa, na haikuonyeshi saa vizuri kuliko simu yako. Anayetaka kununua ya mitumba aanzie kwenye ile mistari mitatu. Kama kingo zake zimelainika, gamba limesuguliwa mno na sura yake ya asili haitarudi tena. Kisha aigeuze mara kadhaa: iteleze bila kucheza-cheza na ijifunge kwa mlio mkavu. Mikwaruzo ya mgongoni asiiogope, wala asikubali fundi aing'arishe. Saa hii ilitengenezwa ili ikwaruzwe upande huo.