Mpelelezi aliyevurugwa anatusaidia nini?

Hivi nani alituambia mpelelezi lazima avurugwe kwanza ndo amkamate muuaji wa mfululizo? Juzi hapa Magomeni, Mtwara, banda la video wametuwekea ileile ya kila siku, jamaa kaachwa na mke, chupa ya wiski mezani, usingizi hapati, ukuta mzima picha na nyuzi nyekundu, bosi kamsimamisha kazi na bado anaendelea kivyake, na watu wanashangilia. Jirani yangu eti "kaka, bila stresi zile asingempata yule". We!

Haya, twende Uingereza. Peter Sutcliffe kaua wanawake 13 kati ya 1975 na 1980. Mkubwa wa upelelezi George Oldfield alikuwa wa kwenye muvi kabisa, kesi kaifanya ugomvi wake binafsi. 1979 ikaja kaseti, mtu anajitapa kuwa muuaji ndo yeye, lafudhi ya Sunderland, mzee akaimeza nzima nzima, ikawa mshukiwa asiye na lafudhi hiyo basi kapona, na Sutcliffe ni mtu wa Bradford! Polisi walimhoji mara 9 kwa ujumla. Tisa! Kaseti ilikuwa ya mzushi tu, aliyefungwa 2006. Oldfield moyo ukamgomea 1979 hiyohiyo, na wanawake wengine 3 wakauawa baada ya ile kaseti.

Taarifa za Sutcliffe walikuwa nazo, zimetawanyika kwenye lundo la makadi na hakuna wa kuziunganisha. Yani walihitaji mtu kama yule dada karani wa chama cha msingi cha wakulima msimu wa korosho, hujashusha hata gunia anakwambia "mjomba, jina hili wiki iliyopita lilikuja na namba nyingine". Muvi yake nani kaicheza?

Sawa, king'ang'anizi naye anahitajika, na karani akipanga kadi saa nzima banda litabaki tupu, najua. Ila wale marehemu mbona hawapewi hata majina, machozi yote ya mpelelezi?

Sutcliffe alikamatwa Januari 1981 Sheffield na askari wa doria, pleti za gari hazikuwa zake. Kesho yake sajenti mmoja akakumbuka jamaa aliomba kwenda kukojoa pembeni, akarudi palepale na tochi, akaokota nyundo na kisu.