Cusack hakuwa kipa wa kuokoa tu
Kuna makala inayodai kwamba Donal Óg Cusack, kipa wa zamani wa timu ya Cork ya Ireland, atakumbukwa kwa mashuti aliyookoa; kusema hivyo ni kumpunja. Kuokoa ni kazi ya kila kipa wa hurling, mchezo wa Ireland wa kupiga mpira mdogo kwa gongo. Alichobadilisha yeye ni namna ya kuanzisha mpira. Mazoea yalikuwa kipa aurushe juu kidogo, aupige kwa gongo mbali kadiri awezavyo, kisha watu wakagombanie angani. Cusack aliinua kichwa kwanza, akamtafuta mwenzake anayekimbilia nafasi pembeni, akampelekea pasi fupi ya haraka kabla wapinzani hawajajipanga. Cork walikuwa na watu wenye mbio, na mpira wa namna hiyo ndio uliowafaa. Ubingwa wa Ireland wa 2004 na 2005 haukuja kwa bahati: fainali ya 2004 wapinzani wao Kilkenny waliambulia pointi 9 kwa 17, bila goli hata moja, na goli kule lina thamani ya pointi 3! Kweli, fainali ya 2006 Kilkenny hao hao walizibana pasi zile fupi wakashinda 1-16 kwa 1-13 (yaani goli 1 na pointi 16 kwa goli 1 na pointi 13), lakini mpinzani akipanga mechi nzima kumzuia kipa asianzishe mpira, huyo si kipa wa kawaida. Na yote hayo katika mchezo usio na mshahara, huku akiwatetea wachezaji wenzake wapate haki zao. Nyie mnaofuatilia, kipa Nickie Quaid wa Limerick mnamweka juu yake au chini yake?