Levo Siti kwa Kiingereza

Kidato cha nne nilipata D ya Kiingereza, na ile D niliipigania kwelikweli. Kwa hiyo msidhani nasimulia habari za mtu ambaye hakwenda shule. Nilikwenda. Nilisoma vya kutosha kulivunja neno vipande vitatu, sikusoma vya kutosha kujua kwamba maneno mengine ukishayavunja umeyaua.

Mwaka 2014 nilikuwa karani wa Coaster moja ya Tanga kwenda Lushoto. Kampuni nzima ilikuwa gari hilo hilo moja, kwa hiyo ukarani wangu ulikuwa na matawi: mkata tiketi, mhasibu, mwandishi wa barua, na mtu wa kupokea matusi abiria wakikosa chenji. Viti vilikuwa 29. Konda wetu lakini alikuwa na imani yake kwamba gari halijai. Kwake yeye Coaster ni kama tumbo la mtu aliyealikwa harusini, pilau ikija nafasi itapatikana.

Siku moja trafiki wa Mombo akatusimamisha, akaanza kuwashusha waliosimama mmoja mmoja huku anahesabu kwa sauti. Alipofika kumi na nne aliacha kuhesabu, akabaki anatutazama tu. Na ieleweke Mombo ndiko penyewe: kuanzia hapo barabara inapanda Usambara kupitia Soni, kona imeshikana na kona, kushoto jabali, kulia hewa. Mtu aliyesimama kwenye kona zile hasafiri, anacheza ngoma na watu asiowajua.

Mwenye gari, tuliyemwita Mzee, alilipa faini, kisha akaja kibandani na uso wa mtu aliyetoka kuzika.

"Kuanzia leo levo siti, abiria wote wakae, hakuna wa kusimama. Na iandikwe ubavuni, herufi kubwa, kwa Kiingereza. Wazungu wanakwenda Lushoto kila siku kuangalia milima na sisi wanatupita na mateksi kwa sababu wanatuogopa. Karani, levo siti Kiingereza chake nini?"

Dereva akadakia kwamba si ni levo siti hiyo hiyo. Nikamcheka. Neno hilo limetoka kwa Mwingereza, ni kweli, lakini limekaa kwenye daladala zetu mpaka mwenyewe akilikuta halitambui. Mzee akanikubalia kwa kichwa. Sasa ikawa juu yangu.

Nikavuta droo. Kitu pekee cha Kiingereza kilichokuwemo kilikuwa karatasi za bima ya gari, zile kurasa za nyuma ambazo maandishi yake ni madogo kama mayai ya sisimizi na hakuna binadamu aliyewahi kuyasoma. Nikayasoma. Na kila baada ya aya mbili, mwanzoni kabisa mwa sentensi, limesimama neno moja kama mwenyekiti: NOTWITHSTANDING.

Moyo ukanipasuka kwa furaha. *Not*, si. *With*, pamoja na. *Standing*, kusimama. Si pamoja na kusimama! Bima ya gari la abiria, itazungumzia nini tena kama si watu waliosimama? Na nani atajisumbua na kamusi kwa maneno matatu aliyofundishwa shule ya msingi?

Nikamwandikia Mzee sentensi kwenye daftari la mahesabu: *Notwithstanding passengers, we travel safely.* Yaani, abiria wetu hawasimami, tunasafiri salama. Mzee aliitazama muda mrefu. Hakujua Kiingereza, lakini alijua uzito wa vitu. "Hili neno refu," akasema, "linanipendeza. Linafanana na gari lenyewe."

Mchora mabango wa pale stendi alikuwa anatoza kwa herufi, shilingi 500 kila moja. Neno langu peke yake lilikuwa na herufi 15. Nikajaribu kumweleza kwamba T zimejirudia mara tatu na N mara tatu, basi atuhesabie mara moja moja, akaniuliza kama konda wetu naye abiria wa ukoo mmoja anawatoza nauli moja. Jumla zikafika herufi 39, shilingi 19,500. Mkato wa pale katikati alinipa bure, kama mwuza nyanya anavyoongezea moja juu ya fungu. Aliniuliza pia, "Hili neno nilitenganishe?" Nikamwambia thubutu! Kwenye bima liko pamoja.

Wiki ile ya kwanza nilitembea stendi kama diwani. Konda alilifupisha neno siku ya pili tu: "Notwithi! Notwithi Lushoto! Notwithi hiyooo!" Mama mmoja wa Muheza na ndoo yake ya maembe alipotaka kubanwa mlangoni, konda alimzuia kwa adabu. "Mama, samahani, hii ni notwithi." Mama akarudi nyuma hatua mbili, akauliza kama ni gari ya serikali. Mpwa wangu, kidato cha pili, alilichukua akalitia kwenye insha ya harusi ya dada yake, kwamba wageni wote walikuwa *notwithstanding*. Mwalimu wake akaweka alama ya kuuliza kwa wino mwekundu, kubwa kuliko insha. Nikamwambia mtoto asijali, mwalimu mwenyewe bado kijana, atayajua taratibu.

Siku ya tano walikuja wazungu wawili, mume na mke, na mabegi yao mgongoni. Wakasimama ubavuni mwa gari, wakasoma, wakatazamana. Wakasoma tena. Wakaanza kucheka hadi yule mama akakaa chini juu ya begi. Wakatoa kamera. Nikajiweka sawa chini ya maandishi, mkono mmoja kiunoni. Mume akaniuliza kwa Kiingereza kama maneno yale ni ya kweli. Nikamjibu ndiyo, kila siku. Akauliza, hata leo? Nikamwambia leo hasa. Wakapanda. Nilivyowachungulia dirishani walikuwa wameshika kiti cha mbele kwa mikono yote miwili, na gari bado halijawashwa.

Katika furaha hiyo ndipo nikaandika barua kwa mamlaka inayotoa leseni, maana yetu ilikaribia kuisha. Mzee alitaka kuijulisha mamlaka kwamba tumeokoka. Nikaandika kwamba gari letu ni *notwithstanding*, dereva wetu ni *notwithstanding* wakati wote wa safari, na hata konda siku hizi ni *notwithstanding* nafasi ikiruhusu. Nikagonga muhuri mara mbili.

Jibu lilikuja na lilianza hivi: *Your letter notwithstanding.*

Nilipiga kelele kibanda kikatikisika. Wamelitumia! Wamelitumia neno langu, tena kwa barua yangu! Nikamtafsiria Mzee papo hapo: "Barua yako haikusimama. Yaani haikupanga foleni, Mzee, imepita moja kwa moja." Mzee akaagiza soda za watu wote. Sentensi ile ilikuwa na mkia wake mrefu, lakini mtu akishaambiwa ndiyo hasomi mpaka kwenye sahihi. Nikaikunja barua, nikaiweka mfuko wa shati, upande wa moyo.

Wiki mbili baadaye nilikuwa ndani ya gari napeleka risiti Lushoto. Korogwe akapanda mzee mmoja mwembamba, miwani imefungwa uzi, kalamu ya risasi sikioni. Mwalimu mstaafu, hilo halikuhitaji kuulizwa. Kabla ya kukaa aliuliza kwa upole, "Nani aliandika yale maneno ubavuni?"

"Shikamoo mwalimu. Ni mimi."

"Marahaba. Hongera. Nimefundisha Kiingereza miaka 34 na wanafunzi wangu wengi hawakuweza kulitumia neno hilo kwa usahihi. Sentensi yako haina kosa. Hata mkato umekaa mahali pake."

Nikageuka kuhakikisha dereva amesikia.

"Ninachotaka kujua," akaendelea, "abiria wamewakosea nini?"

"Kivipi, mwalimu?"

"Umeandika: *Licha ya abiria, tunasafiri salama.*"

Gari zima likanyamaza. Mtoto mmoja huko nyuma akauliza licha ya maana yake nini, mama yake akamwambia maana yake sisi ndio mkosi.

Mwalimu hakucheka, na kwa hilo ninamshukuru mpaka leo. Akaniomba tiketi, akaigeuza, akaandika mgongoni kwake. Nilikuwa nimesimama kwenye njia katikati ya viti, nimeinama juu ya bega lake. Kumbe *withstand* ni neno moja lenye maisha yake, maana yake kukinga, kuzuia, kuhimili. Kwa hiyo *notwithstanding* ni kusema "jambo hilo halizuii," na wanasheria waliliiga kutoka Kilatini, *non obstante*. Akaniandikia: *Notwithstanding the rain, the bus left.* Chini yake: *The rain notwithstanding, the bus left.* Mvua ilinyesha, basi likaondoka vilevile. "Linakaa mbele ya jina au nyuma yake, ni lile lile," akasema. "Kama konda. Anaweza kuning'inia mlangoni au akajibanza huko nyuma, kazi yake moja. Ila ukitaka kulifuatisha na sentensi kamili yenye mtenda na kitenzi, liongezee *that*. Na usimwambie mtu kwamba yeye *ni* notwithstanding. Hakuna anayeweza kuwa hivyo."

Nikawafikiria konda, dereva na wageni wa harusi.

"Na usijione mjinga sana," akasema. "Kile kipande chako cha *pamoja na* hukukosea mbali. Kwetu tunasemaje? Pamoja na uzee wake, bado anapanda Usambara. Hapo pamoja na haijumlishi kitu, maana yake ni licha ya. Sasa mfundishe Mwingereza hilo uone atakavyokuja kukuandikia ubavuni mwa gari."

Watu wakacheka kidogo, hewa ikarudi. Mimi haikunirudia. Mkono ulikuwa umeshakwenda wenyewe kwenye mfuko wa shati. Nikamkabidhi ile barua.

Aliisoma mara moja tu. "Wanasema, barua yako wameiona, lakini haiwazuii kutaka gari lipelekwe kwenye ukaguzi kabla ya tarehe 15." Akaitazama tarehe ya tiketi iliyokuwa mkononi mwake. Akanirudishia barua bila neno. Tarehe ilikuwa 19.

Na mbele yetu ilikuwa Mombo.

Trafiki alikuwa yule yule. Alilizunguka gari polepole, akasoma ubavuni huku midomo inacheza, akapanda. Akahesabu vichwa. Ishirini na tisa, wote wamekaa kama picha ya pasipoti. Konda alikuwa mlangoni, kifua mbele, anasubiri kusifiwa. Trafiki akatikisa kichwa kwa kuridhika, kisha macho yake yakatua katikati ya gari.

"Na wewe?"

Nilikuwa bado nimesimama pale njiani, tiketi iliyochorwa mkono mmoja, barua mkono mwingine.

"Mimi ni karani, afande."

"Karani una kiti?"

Sikuwa nacho. Mwalimu alijisogeza kidogo kunipa nafasi, lakini afande alishaona. Akanyoosha mkono, nikampa barua nikidhani nampa tiketi. Yeye Kiingereza alikuwa anakijua. Tulilala Mombo, gari likaenda ukaguzini kesho yake na Mzee akaja kutuchukua kwa bodaboda tatu, hakusema neno njia nzima, jambo lililokuwa baya kuliko kusema.

Mwaka 2021 niliposikia sheria imerekebishwa na Kiswahili kimefanywa lugha ya sheria na ya mahakama, nilishangilia kuliko mawakili. Nilikuwa nimeshachelewa miaka saba na nimeshalipa.

Maana kulipa nililipa. Mzee aliniagiza nikafute maandishi kwa fedha yangu. Nikamwendea mchora mabango, nikamweleza, akasikiliza mpaka mwisho, akaenda ubavuni mwa gari na kuanza kuhesabu kwa kidole. Kufuta, akasema, bei ni ile ile, 500 kwa herufi.

"Elfu kumi na tisa na mia tano," nikasema haraka, maana hesabu hiyo niliijua kwa moyo.

"Elfu ishirini," akasema. "Na mkato."