Kazini Nimepewa Kadi ya Gen X, Nyumbani Bado ni Kijana

Wiki iliyopita kazini tulifanyiwa semina. Tuliingizwa kwa zamu kwenye chumba cha mikutano juu ya ghala, tukakuta biskuti, maji ya chupa, na mama mmoja mwenye miwani mikubwa akigawa kadi za rangi. Unapewa kadi kwa mwaka wa kuzaliwa. 1946 hadi 1964 bluu: Boomers. 1965 hadi 1980 kijani: Gen X. 1981 hadi 1996 njano: Millennials. Kuanzia 1997 pinki: Gen Z. Lengo, tuliambiwa, ni kujifunza kufanya kazi na watu wa vizazi vingine bila kukwaruzana. Mimi ni wa 1979. Nikachukua kijani yangu, nikakaa na Waingereza watatu wa hapahapa Reading, Uingereza, na Mpoland mmoja wa upande wa kupakia.

Mama akaanza kutusomea tabia zetu. Gen X hujitegemea sana, akasema, kwa sababu utotoni walikuwa wakitoka shule wanakuta nyumba tupu, wazazi wote kazini, wanafungua mlango kwa ufunguo waliotembea nao shingoni na kuwasha televisheni wenyewe. Waingereza wangu wakaitikia kwa vichwa: ndivyo ilivyokuwa. Mimi na Mpoland tukatazamana. Kwao, Desemba 1981, vifaru vilikuwa mitaani. Mimi nilizaliwa Tukuyu mwaka ambao majeshi yetu yaliingia Kampala. Televisheni Tanzania Bara imekuja 1994, tayari niko kidato cha kwanza. Na nyumba tupu? Nyumba ya kwetu haijawahi kuwa tupu hata siku moja, mpaka leo ukienda utamkuta mtu amelala sebuleni ambaye hakuna anayejua ataondoka lini.

Nikala biskuti zao nikanyamaza. Lakini jambo lenyewe halijanitoka, na kwa vile kule ghalani hakuna wa kunielewa nikitaja unga wa Yanga, ule wa mahindi ya njano, nakuja kwenu.

Kwetu kizazi hatukihesabu kwa kalenda. Tunakihesabu kwa kile mlichopitia pamoja, na kwa nani anamwamkia nani. Mtu akikwambia alikula unga wa Yanga, umeshamjua: foleni ya sukari, duka la RTC la serikali, nguo kufuliwa kwa majani ya mpapai, katambuga miguuni. Cheti cha kuzaliwa cha nini, na wengi wetu hatukuwa nacho? Kuna watu wa Azimio la Arusha. Kuna waliohamishiwa vijijini na masufuria yao juu ya lori. Kuna watoto wa UPE, ule mpango wa elimu ya msingi kwa wote, ambao mpaka leo ukiwatania kwa jina hilo wanakununia. Kuna waliopita JKT, Jeshi la Kujenga Taifa, kabla haijasitishwa ile ya lazima mwaka 1994. Hao hata wakivaa suti unawajua kwa wanavyosimama. Kuna watu wa ruksa ya Mzee Mwinyi, kuna watu wa shule za kata. Ndani ya kundi moja utamkuta mtu na mdogo wake waliopishana miaka kumi na wanaelewana kwa nusu sentensi. Halafu chukua wawili waliozaliwa mwezi mmoja, mmoja Oysterbay mwingine Kyela ndani ndani, uone kama wana hata kumbukumbu moja ya pamoja.

Na hili si la kienyeji, msije mkadhani nabuni falsafa ya kijiweni. Karl Mannheim, mzaliwa wa Hungaria aliyehamia Ujerumani, na Hitler aliposhika madaraka mwaka 1933 akakimbilia hapa Uingereza, aliliandika jambo hilihili mwaka 1928. Alisema kuzaliwa mwaka mmoja hakutoshi kuwafanya watu kuwa kizazi. Lazima historia iwashike pamoja, hasa wakiwa bado vijana. Mhamiaji mwenzangu huyo. Hata Pew, taasisi ya utafiti ya Wamarekani iliyochora ule mstari wa 1981 hadi 1996, ilipofika mwaka 2023 ilitangaza kwamba itapunguza kuyatumia majina haya. Mama wa miwani hakulitaja hilo, au huenda kadi zilikuwa zimeshachapishwa.

Hata Waingereza wenyewe wakiacha kadi zao wanalijua. Wana kizazi cha Windrush. Ile ni meli: Empire Windrush, iliyotia nanga Tilbury Juni 1948 ikiwa na watu wa visiwa vya Karibi. Leo jina hilo wanaitwa wote waliokuja kutoka kule mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1970, aliyekuja akiwa mtu mzima na aliyekuja mgongoni kwa mama yake. Sisi wa huku nasi tuna madaraja yetu ya namna hiyo, hayahitaji semina. Kuna wazamiaji, waliokuja chini ya meli na hawapendi kusimulia. Kuna waliojilipua, yaani walioomba hifadhi ya ukimbizi. Kuna wa viza za masomo ambao chuo walikiona siku ya usajili. Na kuna hawa wa juzi, wa viza ya kea, yaani ya kazi ya kutunza wazee na wagonjwa, iliyofunguliwa 2022 na kufungwa kwa waombaji wapya kutoka nje Julai 2025. Ukikutana na Mbongo sokoni hapa Reading, humuulizi umri. Unamuuliza alikuja lini, basi, umejua umsalimieje na kama umkopeshe.

Mpaka hapo natembea kifua mbele. Najua pia kuna mtu ameshaanza kuandika: “Mbeba boksi huyu, miaka yote hiyo majuu anakuja kutufundisha mila zetu.” Subiri ndugu yangu, zamu yako ya kufurahi inakuja, maana sasa naigeukia nyumbani.

Hapa kazini msimamizi wangu ana kadi ya pinki. Binti mdogo, ningekuwa nimemzaa. Ananiita kwa jina langu la kwanza, bila kaka wala mzee, na siku za mwanzo iliniuma kuliko baridi. Lakini yule binti akisema lori la Bristol linatangulia, linatangulia. Wenye kadi za bluu wananung'unika, wanafanya. Hakuna anayemwambia alete kwanza maji ya kunywa halafu wakubwa wazungumze. Sasa mchukue binti huyohuyo, mpeleke kwetu. Ana shahada, ana akili, ana miaka ishirini na sita. Kwenye kikao atakaa wapi? Mlangoni, karibu na jiko.

Tusidanganyane, sisi vizazi tunavijua kwa sababu vilikuwa na kazi. Mimi ni Mnyakyusa. Zamani kwetu watoto wa kiume wakifikisha miaka kumi hivi walitoka kwa baba zao wakajenga vibanda pembeni, rika moja pamoja. Waliendelea kula kwa mama zao na kulima mashamba ya baba zao, lakini kulala na kuzungumza ni kwao. Rika likakua, likaoa, kile kibanda kikawa kijiji cha kweli. Halafu, baada ya miaka thelathini na kitu tangu makabidhiano yaliyopita, linakuja ubusoka: wakubwa wanatoka, utawala na ulinzi wa nchi wanakabidhiwa vijana, ardhi inagawanywa upya. Wazee walisimulia kwamba moto wa zamani ulizimwa kila nyumba ukapekechwa mpya. Sikilizeni vizuri: wakubwa walikuwa hai. Walikuwa wanaona. Walikabidhi wakiwa na meno yao.

(Dada yangu akisoma hapa atauliza, na wasichana je? Wasichana waliolewa kwenye vijiji hivyo, hakuna aliyewauliza wanataka rika gani. Sikatai. Sikusema ulikuwa utaratibu wa malaika.)

Wamasai nao wako hivyohivyo, mpaka leo rika la Landisi na rika la Korianga wanajua zamu ya nani imefika ya kuwa mzee, na rika jipya likifunguliwa lililo juu yake linasogea, lipende lisipende. Mababu zetu walijua kwamba binadamu akiachiwa kiti bila tarehe hataondoka. Sisi tuliosoma ndio tumechukua nusu ya mfumo. Shikamoo tumebaki nayo, makabidhiano tumeyaacha. Tunadai heshima yote ya mzee wa zamani bila ule wajibu wake wa kupisha.

Sera yetu ya vijana inasema kijana ni wa miaka 15 hadi 35. Katiba inasema mgombea urais awe ametimiza 40. Sasa fanya hesabu. Nyerere alizaliwa Aprili 1922. Usiku ule wa Desemba 1961 bendera inapandishwa alikuwa na miaka 39. Kwa katiba ya leo asingeruhusiwa hata kuchukua fomu. Sokoine aliteuliwa waziri mkuu mwaka 1977 akiwa na 38. Salim Ahmed Salim alipelekwa Cairo kuwa balozi mwaka 1964 akiwa na 22. Ishirini na mbili! Leo mtoto wa umri huo anaambiwa aambatanishe barua ya uzoefu wa miaka mitatu ili akajitolee bila posho. Na wanaomwambia hivyo ni haohao wanaohutubia kila mwaka kwamba vijana ni taifa la kesho. Nimeisikia kesho hiyo tangu nikiwa darasa la pili. Waliokuwa wakiimbiwa nami sasa wana wajukuu.

“Kwa hiyo unataka watoto wasiamkie wakubwa?” Hapana. Wanangu wawili, waliozaliwa hapa, wananisalimu shikamoo kila asubuhi, na jirani Mwingereza anadhani ni jina langu. Shikamoo siiachi. “Kwa hiyo Wazungu wametuzidi?” Hapana tena, na hili nalisema kwa sauti. Hawa wamegawana vizazi kwa rangi kisha wanalaumiana mchana kutwa. Vijana wanasema wazee wamemaliza nyumba zote, wazee wanasema vijana wamezidi kulialia. Kura ya kujitoa Umoja wa Ulaya mwaka 2016 iliwagawa hivyohivyo, wakubwa wengi upande huu na vijana wengi upande ule, na kuna familia bado haziongei mezani Krismasi. Mzee wao akizeeka sana anapelekwa kwenye nyumba ya wazee, na anayemuogesha ni sisi wa viza ya kea. Hilo silitamani. Ninachokitamani ni kimoja tu: kwamba yule binti wa kadi ya pinki amepewa funguo za ghala na mtu ambaye bado anafanya kazi humohumo, na dunia haikuanguka.

Halafu kuna wanaoniambia vizazi vya Kizungu visituhusu, hizi Gen Z ni kuiga. Nilikuwa nasema hivyohivyo. Lakini jina hilo Wakenya walilichukua Juni 2024, wakatoka nalo barabarani kuupinga muswada wa fedha, na tarehe 26 Ruto akatangaza hausaini, siku moja baada ya watu kuuawa kwa risasi nje ya bunge. Tangu siku hiyo Gen Z ya Nairobi si kadi ya pinki tena. Wanalo tukio lao, kama babu zetu walivyokuwa na la kwao, na aliyezaliwa 1990 akawemo barabarani ile wanamhesabu wao. Mannheim angewaelewa haraka kuliko mama wa miwani. Ya kwetu ya Oktoba 29, siku ya uchaguzi wa 2025, mnayajua wenyewe. Siyaandiki hapa, nina ndugu huko.

Kwa hiyo msiniambie vijana wa siku hizi hawana adabu. Vijana wa siku hizi wamegonga mlango ambao zamani ulikuwa unafunguliwa kutoka ndani, kwa tarehe, na mwenye nyumba mwenyewe.

Wengine mtasema niache siasa, nianze na nyumbani kwangu. Nimeanza. Kwenye kundi letu la familia la WhatsApp, mimi ni watu wawili. Ikija michango, msiba au harusi au paa la shangazi lililoezuliwa, mimi ni mzee wa familia, natajwa wa kwanza kwenye orodha na kiasi kimeshaandikwa mbele ya jina. Ikija kuamua, kama hili la shamba la babu pale Tukuyu ambalo watu wanataka kulikata vipande, naambiwa vijana tutulie wakubwa wakae kwanza. Mwezi uliopita nikapendekeza kamati: watatu wa umri wa baba zetu, watatu wa umri wetu, watatu wa wale watoto waliomaliza chuo, akiwemo binti wa kaka yangu anayejua mambo ya upimaji wa ardhi kuliko sisi sote, na kila baada ya miaka mitano mmoja wa kila kundi anatoka. Kimya cha siku mbili. Kisha baba mkubwa, Mungu amtunze, mwaka huu anatimiza 81, akatuma ujumbe wa sauti. Alisema wazo si baya, ila nyie vijana mna haraka, tulizungumze Desemba mkija. Na nikija nisisahau zile dawa zake za presha.

Dawa nimeshanunua. Desemba nampelekea, na karatasi ya kamati ninayo, nimeipiga chapa nakala tisa.