Kupe wa Mzee

Hapa Tanga usimkanyage mtu mguu halafu ukajiendea zako. Huenda ni mshairi, na Jumamosi ukajikuta ndani ya ubeti. Mji huu ni wa Shaaban Robert, aliyezaliwa Vibambani mwaka 1909, na tangu afariki mwaka 1962 kila mwenye kalamu na daftari anaamini urithi ulimwangukia yeye. Warithi hao wamejaa kwenye kikundi chetu cha waandishi. Mimi ni katibu wao, maana yake ndiye ninunuaye karatasi.

Tuna mwalimu mstaafu anayehesabu mizani kwa vidole hata akiwa msibani. Tuna kijana wa mashairi huru, ambaye wazee humwambia kazi zake zimetoka bafuni bila kanga. Ule ugomvi wa vina na mizani uliowagawa wanazuoni miaka ya 1970, kwetu bado haujaisha, hupumzika tu chai ikifika. Tuna mama muuza maandazi mwenye riwaya iliyojaza madaftari na mhusika mkuu hajazaliwa.

Na tuna Mzee. Huyu anafuga ng'ombe wa maziwa, na zaidi ya hapo dunia haimhusu. Mapenzi, siasa na mauti kawaachia wengine. Ametunga juu ya kiwele, ametunga juu ya bei ya pumba, na ana utenzi mzima wa majani ya mabingobingo ambao tuliusikiliza kwa heshima tu, kwa kuwa ni mtu mzima.

Basi kazi zetu zikatosha kitabu. Tukakubaliana tumwalike diwani azindue diwani. Uchaguzi ulikuwa unanukia, kwa hiyo mheshimiwa aliitikia kabla sijamaliza kumwamkia, akaahidi viti vya plastiki na gharama zote za uchapaji. Tukaazima ukumbi wa shule, tukakodi spika, mama wa maandazi akapandishwa cheo akakaanga sambusa.

Siku ilipofika, mgeni rasmi akaketi meza ya mbele yenye kitambaa na chupa ya maji. Ni mtu wa mwili, Mungu amzidishie, na meza ilibidi isogezwe kidogo ili wote wawili waenee.

Mzee akaitwa. Shairi lake liliitwa "Kupe". Nilijua kisa chake: mtamba wake alikuwa ameponea chupuchupu kwa ndigana kali, ugonjwa unaoletwa na kupe, na Mzee alikuwa bado ana uchungu. Akakohoa, akafumba macho, akaanza kughani:

*Kaja mdogo kaganda, leo anashinda chupa,*
*Tumbo lake limetanda, mviringo kama pipa,*
*Alipokaa kapenda, kumng'oa nimeapa,*
*Kupe kanona kwa damu, ng'ombe kabaki mifupa.*

Ukumbi ulikaa kimya kwa pumzi moja. Halafu nikaona vichwa vinageuka, kimoja baada ya kingine, kuelekea meza ya mbele, usawa wa kitambaa.

Sisi watu wa pwani hatujui kusikia shairi kavukavu. Tangu mshairi Muyaka awarushie vijembe Mabusaidi, masultani wa Zanzibar, kule Mombasa kwa niaba ya Wamazrui waliotawala mji huo, ukitaja papa watu hutafuta ni nani mjini mwenye meno. Mzee yeye macho kafumba, hana habari. Ubeti wa pili kupe akaleta shemeji zake wakagawana sikio. Akina mama wa nyuma wakashangilia, maana shemeji wa mheshimiwa anayelinda choo cha soko anajulikana. Kibwagizo kilipofika, ukumbi mzima ukakipokea: *ng'ombe kabaki mifupa!* Mtu mmoja akapiga mluzi. Mwalimu mstaafu, machozi yanamlengalenga, akaninong'oneza, "Mizani imetimia yote."

Nilimkonyeza mshereheshaji azime spika. Akadhani namwambia aongeze sauti.

Ubeti wa mwisho ndio uliotumaliza. Bwana mifugo alikuwa amemwahidi Mzee kwamba atarudi na dawa ya kuogeshea mwezi wa Oktoba, na Mzee, mtu wa kunyoosha maneno, akaliweka kama lilivyo: *Dawa i mwezi wa kumi, josho litafanya kazi.* Nchi hii kila mtu anajua mwezi wa kumi kuna nini. Watu walisimama. Kuna mzee alivua kofia.

Mheshimiwa hakungoja kukaribishwa. Alishika kipaza sauti kwa mikono miwili.

"Nimekuelewa, mzee wangu. Kiswahili na mimi nimesoma. Lakini si vizuri kusemana kwa mafumbo, kama mtu ana swali aulize. Yale makalavati hayajauzwa. Yapo. Yako kwangu nyuma ya nyumba, nimeyahifadhi kwa usalama tu."

Tukatazamana. Makalavati gani? Mtaa mzima hakuna aliyewahi kusikia habari ya kalavati. Mama wa maandazi, sinia mkononi, akauliza taratibu, "Mangapi, baba?"

Hapo Mzee akafumbua macho. "Mheshimiwa, samahani, umenielewa vibaya. Mimi nimesema kupe. Kupe huyu hapa." Akaingiza mkono mfuko wa kanzu, akatoa kiberiti, akakifungua juu ya meza ya mgeni rasmi. Ndani mlikuwa na kupe mzima, wa kijivu, amevimba kama punje ya mbono, vijiguu vidogo vinahangaika mbele kujaribu kuuvuta mwili. Mzee alikuwa amemleta kwa ajili ya kuelimisha. Kupe akashuka kwenye kitambaa na kuanza safari yake, polepole, kuelekea kwenye hotuba.

Mheshimiwa akaondoka. Diwani haikuzinduliwa, sambusa zikaliwa zote.

Makalavati yaliletwa wiki iliyofuata, usiku, kwa trekta, yakashushwa pale barabara inapojaa maji. Tangu hapo Mzee hana raha. Watu wanabisha hodi na maombi: mtungie huyu wa maji, mtungie yule wa taa za barabarani, mwekee hata mbung'o. Vijana wanampa mkono barabarani na kumwita shujaa. Yeye anawafukuza kwa fimbo ya ng'ombe. "Nilisema kupe!" anapiga kelele. "Kupe wa kwenye sikio!" Nao wanacheka na kukonyezana, kwamba mzee huyu fumbo halimtoki hata ukimbana.

Juzi kaniletea shairi jipya, la jogoo. Sijui habari zilifikaje, lakini mwenyekiti wa mtaa kanipigia simu usiku, sauti ya chini, anataka kujua jogoo huyo anawika kutokea nyumba ya nani.